Uji wa Uzazi kwa Kidudu Kisichouma

Ifakara,
17 Julai 1996

Kwa Shangazi yangu mheshimiwa, Theodosia, Kiberege.

Shikamoo, Shangazi.

Kigelegele ulichopiga mlangoni kwangu Jumamosi hakijanitoka masikioni. Kilikuwa kimoja, kirefu, na majirani wote walikielewa: mwenye nyumba amejifungua. Kwa heshima zote, naomba kulalamika.

Nilichokipata, kama nilivyokueleza, ni kidudu kinachofanana na mbu, ila hakiumi. Nilikitoa kwenye kijito huko juu milimani Udzungwa. Hakuna mtaalamu aliyewahi kukiandika, kwa hiyo ni juu yangu kukieleza na kukipa jina. Sasa:

1. Uliitangazia jumuiya kwamba binti wa kaka yako "amepata kadogo, kametoka milimani". Akina mama wakaja na kuku, kanga ya kubebea mtoto, na uji wa pilipili manga. Uji niliunywa, maana kuumwaga ingekuwa utovu wa adabu. Niliongeza kwa sababu hiyo hiyo.

2. Mama Febronia alikichungulia ndani ya chupa ya spiriti, akasema, "Miguu hii ni ya ukoo wenu kabisa!" Badala ya kumkanusha, ukamjibu, "Ngoja kanenepe." Shangazi, kimekufa tangu Mei.

3. Ulimweleza Padre Beatus kwamba nashinda nikitazama uchi wa dume kwa hadubini. Ni kweli. Ndivyo aina hizi zinavyotofautishwa. Lakini sasa Padre ananisalimia akiangalia pembeni.

4. Unadai kwamba katika nyumba ya kaka yako mwenye haki ya kutoa jina ni wewe, na kwa kuwa sijakuletea mjukuu, haki hiyo ihamie kwa kidudu. Unataka kiitwe Restituta, jina la marehemu Bibi. Mimi nilishachagua jina la kijito, jina la kisayansi, lisilomliza mtu. Ukakaa kwenye kiti changu, ukasema, "Mama yangu hakumuuma mtu maisha yake yote. Hicho nacho hakiumi. Wewe umesoma, nionyeshe nilipokosea."

5. Nimepekua vitabu vyote nilivyo navyo. Sijapaona.

Kwa hiyo naomba ufute tangazo lako, umtulize Padre, na mambo ya majina uwaachie wenye hadubini.

Msalimie sana Baba mdogo Fridolin, wadogo zangu wote, na hata Mama Febronia.

Ni mimi binti yako, mtiifu katika mengine yote,
Theresia

N.B. Maelezo ya kidudu yamepanda basi la Dar es Salaam leo asubuhi, pamoja na chupa yake, niliyoiviringisha kwenye ile kanga isije ikavunjika. Penye jina nimeandika la Bibi, kwa Kilatini. Uji kama umebaki, niletee.