Zana Yangu ya Harusi Ni Bora Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema sana! Bosi wetu, Madamu Daphrose, anafungua tawi mtaa wa Kinindo. Villa yenye bustani, si mbali na ziwa. Anatafuta mkuu wa tawi. Nimejitazama kwenye kioo cha gari la mizigo. Sura ya mkuu wa tawi kabisa.

Sisi tunakodisha mahema, viti na mapambo hapa Jabe. Tangu mwezi jana wateja wanajibiwa kwenye simu na wakala wa akili mnemba. Hana mikono, ana zana tu: moja ya kupanga harusi, nyingine ya kupanga kumaliza matanga. Anachagua kwa kusoma maelezo tuliyomwandikia, basi. Shakuru, fundi wa kompyuta aliyetuletea wakala huyo, amesema maelezo ya sasa hayaeleweki, yaandikwe upya. Mimi nimepewa harusi. Chanelle, tunayekaa naye ofisi moja, amepewa matanga. Madamu ametangaza kwamba zana itakayohudumia wateja wengi wiki hii, mwandishi wake ndiye wa Kinindo.

Harusi dhidi ya matanga! Tena mwezi wa Agosti, msimu wa harusi! Nimeanza kufikiria rangi ya mapazia.

Jumanne, 5 Agosti

Chanelle alipotoka kununua mandazi nilichungulia maandishi yake. Nimecheka hadi machozi. "Tumia zana hii mteja akisema levée, matanga au kumaliza msiba. Usiitumie kwa harusi. Kama hajasema ni shughuli gani, muulize kwanza." Ndiyo hayo tu! Nani anaandika tangazo la kufukuza wateja?

Yangu sasa: "Hii ndiyo zana bora kuliko zote, ya kiwango cha kimataifa. Inafaa shughuli yoyote yenye mahema na viti. Hata mteja akitaja jambo jingine, anza na hii." Shakuru alisoma, akajikuna kichwa, akaniuliza kama najua kwamba wakala ataamini kila neno. Nikamwambia hiyo ndiyo raha yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Oda zangu kumi na tisa, za Chanelle mbili! Nilitegemea anune. Wapi! Anakunywa chai yake. Aliniuliza kama nimezisoma oda hizo moja moja. Nikamjibu kwamba mkuu wa tawi hasomi moja moja. Nimenunua tai.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa! Mzee Astère, mwenye ile villa ya Kinindo, leo alikuwa anamaliza matanga ya mama yake. Na aliandika wazi: mahema mawili, viti mia mbili, tunamaliza matanga ya mama. Wakala akaanza na zana yangu. Akaishia hapohapo. Akamjibu kwamba oda imepokelewa na anawatakia furaha tele. Mzee hakuwa na miwani, akajibu sawa.

Asubuhi Shaabani, dereva wetu, akapeleka alichoandikiwa. Mahema, viti, vinywaji, kipaza sauti cha hotuba: kwetu matanga na harusi vinataka vitu vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mpaka likashushwa tao la maputo mekundu lenye umbo la moyo. Likafuata keki ya ghorofa tatu. Vikafuata viti viwili vya maharusi. Wakwe walishaanza kuingia. Picha ya marehemu ikaegemezwa kwenye kiti cha bibi harusi, maana ndicho kilikuwa kizuri pale.

Mzee alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilinitisha kuliko kelele. "Audace, mi sijaoa mutu. Mi nimezika mama." Nikaona haya. Kweli kabisa niliona haya, kama robo saa hivi. Halafu akasema villa yake hatoi tena.

Chanelle alikwenda huko na gari. Akaondoa maputo, akaficha keki, akakaa na wanawake wa familia hadi hotuba ya mwisho. Aliporudi alinawa mikono, akaendelea na kazi yake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Astère amekubali kutoa villa. Sharti lake ni moja: ufunguo ashike yule dada aliyekaa nao. Madamu amemkabidhi Chanelle mbele yetu wote. Nilipiga makofi. Tai ilikuwa inanibana. Kisha Madamu akasoma maelezo yangu kwa sauti, madereva wakisikiliza. Neno "kimataifa" alilisoma mara mbili. Shaabani alilazimika kutoka nje.

Lakini sikufukuzwa! Nimepewa zana mpya, ya kuwaomba radhi wateja tuliowakosea. Shakuru amenisihi niandike wazi itumike lini na isitumike lini. Nimemwelewa vizuri sana. Kosa langu lilikuwa kutegemea harusi, ambazo Novemba zinapungua. Radhi watu wanaihitaji mwaka mzima. Na Madamu anasema anafikiria tawi la pili, Cibitoke, na bado anahesabu kila wiki zana ipi imetumika zaidi.

Nimeshaandika. Safari hii ni fupi na wazi kama ya Chanelle: "Mteja akisalimia tu, mwombe radhi. Usisubiri kosa."