Mgonjwa Niliyemtafutia Prudencia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa heshima zote natangaza kwamba kuanzia leo mimi, Shigela, mwanachuo wa mwaka wa pili wa radiografia, ndiye msimamizi mkuu wa henga za kutundikia aproni. Aproni zenyewe, zile nzito za kukinga mionzi, zina msimamizi wake. Mimi ni henga tu. Lakini cheo ni cheo. Nikaanza kazi papo hapo, nikazipanga upya nyuma ya darasa wakati Mwalimu Mutayoba akieleza utaratibu wa mtihani wa vitendo. Sehemu ya mwisho sikuisikia vizuri. Henga zilikuwa zinagongana.

Nilichosikia kinatosha. Mtihani Ijumaa. Kila mmoja aje na mgonjwa wa kuigiza, mtu mzima mwenye afya zake, amsimamishe kwa picha ya kifua. Mashine itakuwa imezimwa, kazi ni kumpanga mtu tu. Ukifeli unakula sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli sapu unadisko, unafungasha.

Watoto wakidisko wanarudi kwao. Mimi nitarudi wapi? Nilikuwa mtu wa chumba cha giza hospitali, kuosha filamu, tangu nikiwa na nywele. Ikaja kompyuta, filamu zikaisha. Chumba cha giza sasa kinatunza mifagio. Mganga mkuu alinileta chuo kwa huruma na akaniambia wazi: nirudi na cheti, au nisirudi.

Kwenye jaribio la mwezi uliopita niliangushwa na swali moja. Nilisahau kumuuliza dada wa watu kama ana mimba. Prudencia ndiye aliyenisahihisha, mbele ya wote, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. "Samahani, Mzee Shigela, hujamuuliza." Binti wa Muleba, umri wa mwanangu. Anaongoza darasa na bado ananiamkia.

Nimeapa. Swali lile sasa nitamuuliza kila kiumbe.

Jumanne, 10 Juni

Nina mpango. Mgonjwa akijua kujipanga mwenyewe, mwanachuo anabaki na kazi ya kuonekana mtaalamu. Nimemchukua shemeji yangu Luhaga, mdogo wa mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti kule Igoma. Mazoezi yamefanyika chumbani kwetu Buhongwa. Mlango wa kabati ndiyo stendi. Rimoti ya televisheni ndiyo kitufe. Nyuma ya pazia ndiyo chumba cha mtaalamu.

Kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele, mabega yaguse kabati. Nikamuuliza kama ana mimba. Akasema anayo, ya ugali. Nikamwambia ajibu kama mgonjwa. Akasema mgonjwa gani mwenye ndevu anaulizwa hivyo, nikimuuliza tena anarudi Igoma.

Nikamuuliza tena. Hakurudi. Kulikuwa na samaki jikoni.

Kasoro moja: nilimwambia ashikilie pumzi, nikaenda nyuma ya pazia, simu ikaita. Nilipomaliza kuongea nikamkuta bado ameshikilia, macho yamemtoka kama sato mnadani. Ana nidhamu sana yule bwana. Bernadeta, mke wangu, ameona alama ya grisi yenye umbo la mdogo wake kwenye kabati. Kaniletea kitambaa na sabuni.

Jumatano, 11 Juni

Leo Prudencia kaniamkia, kisha kaomba msaada. Hana ndugu hapa Mwanza, mgonjwa atampata wapi? Akauliza kama namjua mtu mpole.

Ninamjua mtu. Upole ndio sina hakika nao.

Mama mkwe yupo kwangu tangu wiki iliyopita. Alikuja kutoka Usagara kwa kipaimara cha mjukuu. Ni mwanamke ambaye ng'ombe humpisha njia. Hapokei amri ya padri, sembuse ya mtoto wa Muleba mwenye koti jeupe. Akiambiwa inua kidevu, atauliza kimeanguka lini.

Mimi mwenyewe siwezi kumwambia kitu. Ni mkwe wangu. Sisi Wasukuma wa nyumba hii bado tunashika mambo hayo: simgusi, sikai naye chumba kimoja, simtaji jina. Tangu afike naingia kwangu kwa mlango wa jikoni kama mwizi wa vitumbua. Akikohoa sebuleni mimi natokea uani.

Kwa hiyo nikamtuma Bernadeta. Mama akajibu kupitia kwake kwamba kama ni kusimama tu, ana kitenge kipya. Bernadeta akaniuliza mara mbili: una hakika hatakuwa mgonjwa wako? Nikamwambia mke wangu, hebu nipe heshima kidogo. Ni wa Prudencia.

Prudencia alinishukuru kwa kupiga goti. Nikajisikia vibaya mpaka kwenye kituo cha basi.

Alhamisi, 12 Juni

Luhaga ameiva. Sasa ukisema neno "kifua" tu, anageuka na kukumbatia kitu kilicho karibu. Leo alikumbatia friji.

Kesho Prudencia atatoka jasho. Sitacheka. Nitasikitika kwa sauti.

Ijumaa, 13 Juni

Mtihani umefanyika. Nilijitahidi. Mgonjwa alitoa ushirikiano. Mengineyo ni ya kitaalamu, sina haja ya kuyaandika.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesoma nilichoandika jana. Ni uongo kuanzia neno "nilijitahidi". Naandikia uani juu ya ndoo, kwa kuwa sebule ina mama mkwe, chumba kina Bernadeta, na jikoni kuna maneno ya wote wawili. Basi niseme ilivyokuwa.

Tulipanga mstari, kila mtu na mgonjwa wake. Luhaga alikuwa amenyoa. Mama mkwe kaketi kando ya Prudencia, kitenge kipya kinang'aa, kanipa mgongo kama desturi. Mwalimu Mutayoba akaja, akaniamkia kwanza maana mimi ni mkubwa kwake, kisha akasema kama ilivyo kila mwaka, na kama alivyoeleza Jumatatu, sasa kila mmoja ampe jirani yake mgonjwa wake.

Jirani yangu alikuwa Prudencia.

Nikamuuliza Byabato, mwanachuo mwenzangu aliyesimama nyuma yangu, kama hilo kweli lilisemwa Jumatatu. Akasema lilisemwa mara tatu, Mzee, ila wewe ulikuwa na henga zako.

Prudencia akaanza. Akatamka "kifua" tu, Luhaga akaruka kwenye stendi, kidevu juu, viwiko mbele, mabega yamegusa, hata pumzi ameshaivuta. Mtoto alibaki kumwambia "pumua" na "asante, kaka". Mwalimu akaandika alama huku anatikisa kichwa kwa furaha.

Ikawa zamu yangu. Mama mkwe akasimama. Aliponiona ni mimi akajifunika kitenge usoni. Mimi nikageukia ukuta. Tukawa watu wawili wazima chumba kimoja, kila mmoja anaongea na upande wake.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha jina la mgonjwa. Simtaji. Nikauambia ukuta: mgonjwa ni yule ambaye sote tunamfahamu. Mwalimu akasema yeye hamfahamu.

Hatua ya pili ni kumpanga kwa mikono. Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikaanza kuigiza kwa mbali, kidevu juu, viwiko mbele, kama jogoo anayetaka kuwika. Mama hakuona kitu, ana kitenge usoni. Mwalimu akasema kwa upole, Mzee, msogelee mgonjwa, mshike mabega. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikasema ana heshima zake.

Hapo akili ikanitoka, ikabaki ile niliyoikariri. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamuuliza mama mzazi wa mke wangu, bibi wa miaka sabini, kama ana mimba, na hedhi yake ya mwisho aliiona lini.

Luhaga aliyekuwa mlangoni akatoka taratibu, kinyumenyume.

Mama mkwe hakunijibu mimi. Aliinua ncha ya kitenge, akazungumza na Mwalimu Mutayoba, kwa sauti ya mtu anayeagiza maji. "Mwambieni mume wa Bernadeta mimba yangu ya mwisho ni huyo anayetoroka. Na mwambieni mbuzi nataka mweusi."

Mbuzi ni faini ya kumvunjia mkwe heshima. Wazee wa Usagara wameshapigiwa simu, na mweusi wa saizi anayoitaka hapatikani kirahisi.

Nimepata sapu. Mwalimu alinipa alama kamili kwenye swali la mimba, japo alisema mgonjwa wa umri ule haulizwi. Kwingine kote sifuri. Prudencia ameongoza tena. Alinifuata getini, karibu analia, akaniomba radhi kwa kunipa mgonjwa mgumu. Yeye ananiomba radhi mimi. Nikamwambia nimemsamehe.

Sapu ni Alhamisi. Nikifeli hiyo, hata mifagio ya chumba cha giza haitanipokea. Luhaga amekubali kuja tena kwa sharti moja, nisimuulize swali lile. Nimemwahidi. Bila shaka nitamuuliza, ndiyo alama pekee niliyo na hakika nayo.

Byabato naye ana sapu, na yeye alinicheka waziwazi. Leo kanipigia, hana mgonjwa. Nimemwambia asihangaike, mimi ni mzee wa mji huu. Baba mkwe anakuja Jumatatu kumfuata mkewe na kumkagua mbuzi. Ni mkali kuliko mama, na sikio moja halisikii kabisa. Atamfaa sana Byabato.

Kuhusu kubadilishana wagonjwa sina wasiwasi. Mwalimu Mutayoba ni msomi. Hawezi kutumia mbinu ileile mara mbili.