Mchoro wa Gauni la Kijivu

Jumatatu, 2 Februari 1948
Nimemaliza gauni la kijivu. Kiuno chembamba kama cha nyigu, sketi ya kitambaa cha mita kumi na tano. Ndilo litakalofunga maonyesho ya mitindo ya Bibi Sauvigny, tajiri wetu mwenye nyumba hii ya mishono. Odile, mchoraji mwenzangu wa meza moja, aliutazama mchoro akasema ni mzuri. Basi. Mtu mwenye moyo safi angeongeza neno.

Jumanne, 3
Odile amenunua karatasi ya kunakilia. Ati ya mapishi ya mama yake. Mapishi gani, na siagi bado ni ya kadi ya mgao? Nimeushonea mchoro wangu ndani ya bitana ya koti. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikinyesha. Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, kuna macho mengi.

Jumatano, 4
Mtego. Nimechora gauni la kipuuzi: fundo mgongoni kama mkia wa jogoo, kola imekwenda upande. Chini nikaiga sahihi ya Odile, nikauacha mchoro mezani kwa Bibi. Bibi akiuona, atampeleka kushona vifungo.

Alhamisi, 5
Bibi ameuona. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikainama nisionekane nikicheka. Odile akasema si kazi yake. Bibi akamwambia, “Acha haya, mwanangu. Jina lako hili hapa.” Gauni hilo litashonwa kwa hariri nyeusi. Litafunga maonyesho.

Nikapasua bitana, nikamkimbilia Bibi na mchoro wangu. Kumbe mvua iliupata. Wino wote umetapakaa. Bibi aliuliza ni ramani ya wapi.

Jumatatu, 9
Maonyesho. Mvaaji alipogeuka fundo likaonekana, wanawake walisimama wakapiga makofi. Odile akaitwa mbele, uso umemwiva kwa aibu.

Baadaye alinivuta pembeni. “Hyacinthe, mkono wako naujua. Nimemweleza Bibi mara mbili, haniamini. Kesho twende wote, uchore mbele yake. Sitaki sifa ya mtu.”

Nilikaribia kukubali. Lakini nani humrudishia mwenzake sifa bure? Nikamjibu kwamba silijui gauni hilo. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Jumanne, 10
Odile amepewa chumba chake, chenye dirisha. Lacaze, mkata vitambaa, alinishika bega akanipa pole. Pole ya nini? Amejuaje? Nimeketi nikachora gauni baya kuliko lile, lenye mabawa. Sahihi ya Lacaze ni rahisi kuiga.