Nimeondoka Polepole, Hawakuniita

Jumatatu, 3 Juni

Bosi ametafuna benki. Sasa hivi tu. Nimegeuka kuchuja chai, kugeuka tena, kile kikaratasi cha riba alichonipa wifi kimebaki nusu, na binti yangu ametulia kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Ana mwaka na miezi minne, meno sita. Nimemchokonoa kinywani, nimeokoa picha ya familia inayocheka. Maandishi madogo ya chini yameshateremka tumboni. Si kitu. Kubwa limebaki: nane kwa mia!

Niandike mambo yalivyo nisije nikajichanganya. Nina laki nne, jasho la cherehani la mwaka mzima. Mzee Grisi, fundi wa mashine hapa mtaani, anauza ovaloku iliyotumika, ile mashine ya kufunga pindo. Bei laki nne na elfu ishirini. Bila hiyo, sare ninazoshona zinarudi nyuzi zikining'inia kama ndevu za mbuzi, na mwalimu mkuu amesema kazi ya sare za mwakani atapewa mwenye pindo safi. Mzee ameahidi kunishikia mpaka katikati ya Septemba, ingawa yule mshonaji wa kibanda cha kona anaimezea mate.

Nikifunga pesa benki miezi mitatu, kwa nane kwa mia, napata elfu thelathini na mbili. Mashine, na viatu vya Bosi juu yake. Hesabu nimeirudia kwa chaki mara tatu. Imekubali mara zote.

Jumanne, 4 Juni

Benki ya kwanza. Foleni ndefu, Bosi mgongoni. Akanyoosha mkono akavuta nywele za mama wa mbele. Zikaja zote. Nimeomba radhi mpaka dirishani.

Bwana wa dirishani akasema nane. Sasa mimi si wa juzi. Bei ya kwanza si bei. Nikamwomba kumi. Akasema kiwango ndicho hicho. Nikamwambia aongeze basi hata nusu, ndiyo kwanza nafungua mkoba. Akatazama kompyuta yake.

Nikafanya lile ambalo kwa muuza nyanya halijawahi kushindwa. Nikamkaza mtoto mgongoni, nikaondoka. Polepole. Polepole sana. Karibu na mlango nikainama kufunga kamba za kiatu. Nimevaa ndala.

Hakuniita. Mlinzi akanifungulia mlango kwa heshima zote.

Jumatano, 5 Juni

Wifi, dada wa mume wangu, tunapakana chumba. Amesikia. Kwake habari hailali njaa. Akaniambia benki aliyoweka yeye ni tisa, ila labda mimi hawatanipokea. Labda! Nikapanda pikipiki palepale.

Wakataka picha mbili. Nikapigwa picha, Bosi akanivutia mtandio usoni nikatoka kama mwizi wa kuku. Nikalipa tena. Wakataka kopi ya kitambulisho. Nikalipa. Mwisho wa yote wakasema kufungia pesa ni kuanzia laki tano.

Nikaondoka polepole. Nilishaanza kuzoea.

Wifi ameniuliza jioni kama wamenipokea. Nimesema nafikiria.

Ijumaa, 7 Juni

Kumi! Benki ndogo nyuma ya soko, zulia jipya, dada wa mapokezi mpole mpaka unamwonea huruma. Kumi kwa mia, na laki nne inatosha. Sikubishana hata kidogo. Nilishika kalamu nikiwa nimeshanunua viatu kichwani.

Yule dada akaniwekea hesabu kwenye karatasi taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kumi ni ya mwaka. Mimi nataka miezi mitatu, yaani robo. Elfu kumi. Kodi inakata elfu moja. Tisa.

Nikamuuliza hilo la mwaka limeandikwa wapi. Akanionyesha. Chini kabisa, maandishi madogo. Hata benki zote ni hivyo, dada yangu, akasema.

Nikamtazama Bosi. Bosi akatazama dari.

Nimerudi na pesa yangu. Nyumbani nikajumlisha: pikipiki elfu sita, picha elfu nne, kopi elfu moja, na soda ya Bosi ya kumnyamazishia foleni, elfu moja. Elfu kumi na mbili. Nimetumia kumi na mbili kutafuta tisa. Nimeifuta chaki yote ukutani, hata ile ya urefu wa Bosi. Hiyo imeniuma.

Jumapili, 9 Juni

Wifi kaniuliza swali moja tu. Je, Mzee Grisi nilimwomba apunguze? Nikamwambia hapana, jamani, mzee ananiita mwanangu, ana mvi, nitasimamaje mbele yake nivutane naye bei. Wifi akaweka sufuria chini, akaenda mwenyewe. Akarudi amejishika mbavu. Mzee kasema hivi:

"Wiki ya tatu hii namsubiri aombe. Mimi ningemwachia kwa tatu na tisini. Au alidhani hapa benki?"

Ila kaongeza kwamba mshonaji wa kona ameshapita na pesa mkononi. Kesho mwisho, ya Septemba tusahau.

Nina tatu themanini na nane. Zimepungua elfu mbili! Wifi kasema atanipa. Nimekataa. Elfu mbili ya wifi nitaisikia mpaka Bosi anaolewa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na jawabu. Ng'ambo ya daraja kuna benki inatoa kumi na moja. Nitawaachia pesa yote, nitawaomba riba mkononi leo hii, na riba hiyo ndiyo namalizia mashine. Hesabu inavuja mahali, sijaona ni wapi. Wakikataa nitaondoka polepole. Wiki iliyopita kosa lilikuwa mwendo, niliharakisha.

Wifi anaita. Mzee Grisi yuko uani, ovaloku iko kwenye mkokoteni. Atapokea nilichonacho, zinazobaki nimshonee suruali. Nimejibu kwamba nafikiria.

Nachungulia dirishani. Anageuza mkokoteni. Anaondoka, lakini polepole. Polepole sana. Sasa amesimama anainama kwenye kiatu. Mwendo huo si mimi ndiye ninayeujua? Simwiti ng'o! Nikikaza dakika mbili tu atashuka mpaka tatu themanini na tano, nibakiwe na nauli ya kwenda ng'ambo. Wifi anaita tena, sasa kwa jina la mama yangu, anasema Bosi amening'inia kwenye mkokoteni hataki kuachia, na mshonaji wa kona anakuja na pesa mkononi, wala haji polepole.