Watoto Wote Wamefaulu

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, makamu wake, makamu wa makamu wake ambaye naambiwa bado yuko njiani, wadau wa makuzi, walimu wa chekechea, kina mama mliobeba watoto na kina baba mliowasindikiza, wageni waalikwa na mliojialika: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo tunazindua Kituo cha Upimaji Shirikishi wa Makuzi na Uelewa wa Watoto Wasiofikia Umri wa Shule, ambacho, baada ya upembuzi yakinifu na semina elekezi kumi na nne pamoja na chai zake, kinapima kama mtoto anaona, anasikia, anaweza kupanga vibao vitatu na anajua pua yake ilipo, ili mwenye tatizo atibiwe mapema, maana samaki mkunje angali mbichi. Wenye wivu walisema hatutaweza. Mimi, bila kujisifu, ingawa nikijisifu sitakosea, naleta data: watoto mia tatu na kumi na wawili wamepimwa, na waliofaulu ni mia tatu na kumi na wanne! (Makofi. Mwalimu wa chekechea anatazama viatu vyake.)

Naona mkono. Sema, mama, kwa kifupi.

(“Mheshimiwa, binti yangu Kidoti ana miaka minne, hasemi, na nikimwita hageuki. Hospitali wanataka barua ya kituo chenu ndipo wamtazame masikio. Mwaka mzima nangoja.”)

Mama, ondoa shaka. Fomu yake hii hapa: “Akiitwa, anaitika haraka.” Na imegongwa muhuri! Kwa mujibu wa mwongozo, mtoto aliyefaulu hapewi barua ya hospitali, tutakuwa tunajipinga wenyewe. (“Lakini alimpima nani?”) Swali zuri sana, litajibiwa kwenye shukrani.

Kwa namna ya pekee namshukuru mwalimu wa chekechea, aliyejaza fomu zote Jumapili moja akiwa kwake, bila kumsumbua mtoto hata mmoja. Mtaalamu wa upimaji, tutakayemshukuru zaidi akishaajiriwa. Na fundi seremala, aliyetuazima mlango huu wenye utepe. Anauhitaji saa nane, kwa hiyo msiufungue, nyuma yake ni uwanja tu. (Kicheko, kisha minong’ono.)

Mtoto akipimwa! (“Taifa limepona,” wanaitikia watatu.) Na ili kuwaziba midomo wenye shaka, aje mwenyewe achukue cheti chake. Kidoti! Kidoti, njoo mwanangu! Fundi mitambo, ongeza sauti. KIDOTI!

(Spika zinapiga yowe. Vichanga wanaangua kilio, umati mzima unageuka. Kidoti anaendelea kuchezea ncha ya utepe. Mama yake anakwenda, anamgusa bega. Hapo ndipo anapogeuka, anacheka.)

Mnaona? Ameitika. Asanteni sana kwa kunisikiliza.