Selpha Wasike na Ng'ombe Asiye na Chapa

Tulieni, enyi wapangaji wa Kitengela, nanyi wachungaji wa Kajiado; zimeni redio, epueni chai mekoni, mzisikie habari za vita vya mwaka elfu mbili na saba, ambavyo havikumwaga damu ila wino, na hata wino wenyewe ulikuwa wa kuazima.

Alikuwako Selpha Wasike, mwalimu na jemadari wa kompyuta sita katika chuo cha Kitengela kilichokaa juu ya duka la simiti, na katika hizo sita, tatu zilikuwa hai. Alitamani shahada ya uzamivu katika elimu ya namna binadamu na kompyuta wanavyoelewana. Miaka minne alibisha hodi kwa wafadhili wa ng'ambo, nao miaka minne wakamtakia kila la heri. Safari hii mmoja alilegeza komeo: alete mchoro wa simu itakayompa mfugaji bei za mifugo, uliojaribiwa na watu watano, kabla ya adhuhuri ya kesho. Mwakani angekuwa amevuka umri wa kupokelewa.

Wanne alikuwa nao: mumewe, pasta, jirani na mwenye nyumba. Wote walibonyeza haraka na kusifu sana. Basi akajifunga leso kiunoni, akatwaa silaha yake, kipande cha boksi la sabuni alichokichorea simu yenye picha ya ng'ombe, akaishukia Kajiado siku ya soko la mifugo.

Huko alimkabili Ledama, simba wa mnada, mtu asiyempunguzia bei yeyote. Wakasalimiana Kimaasai kwa supa na ipa, wakapeana habari za mvua, za watoto na za malisho mpaka kivuli kikahama, kwa maana huko haombwi mtu kazi kabla ya habari kwisha. Hapo ndipo Selpha alipomwekea boksi mapajani na kumwomba abonyeze ng'ombe.

Ledama akalitazama, akakunja mikono.

"Mwalimu, hii ng'ombe ni ya nani? Haina chapa, haina alama ya sikio. Mimi siwezi weka mkono kwa ng'ombe ya mtu simjui."

"Mzee, ni picha tu. Watu wanne wamebonyeza na hakuna kitu iliwafanya."

"Na hao wanne wako na ng'ombe?"

Hata kuku hawakuwa nao. Selpha aliona aibu, na aibu hiyo ilimfundisha kuliko vitabu vyote alivyokwisha kuviazima.

Akaazima kalamu kwa karani wa mnada, akamkabidhi Ledama, naye akaichora chapa ya ukoo wake pajani pa ng'ombe, taratibu, ulimi umetoka kidogo. Kisha, enyi mashahidi, kidole gumba kilichoshika mikia ya mafahali kikainuka, kikatua. Selpha, ambaye katika simu hiyo ya boksi yeye ndiye aliyekuwa mtambo, akageuza kipande cha pili alichokuwa amekiandika bei: elfu kumi na nane.

Ledama akaisoma, akarudisha boksi.

"Siuzi."

Selpha alilia pale pale, mbele ya mbuzi, kwa furaha, kwa kuwa mtu hakatai bei ya ng'ombe asiyemwona kuwa wake. Akaandika yote katika fomu kama yalivyotokea, ikafika kabla ya adhuhuri. Mfadhili yule alijibu kwamba katika maombi yote, ni lake tu lililokuwa na mtu aliyekataa, akamlipia masomo.

Basi waandishi wa tarehe waandike: Kajiado, siku ya soko, ng'ombe wa boksi la sabuni alipata mwenyewe, na hakuuzwa.