Mipira ya Matope ya Mwanyumba

Jumapili, 3 Machi

Leo nimeaibishwa na gari. Wala si gari langu. Ni la mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu. Kaja kwa mama mkwe, kaegesha pikapu yake ubavuni kwa yangu, na nyuma ya kila tairi unaning'inia mpira mweusi wa kuzuia matope. Minne! Mipya! Imenyooka utadhani imepigwa pasi.

Mvua imenyesha wiki nzima, barabara ni uji mtupu. Pikapu yangu ilikuwa imepakwa tope kuanzia tairi la mbele hadi mlangoni. Yake ubavuni safi, kana kwamba hakupita njia ile ile.

Mimi ndiye niliyemleta mama mkwe kutoka dukani kwake. Akashuka. Gauni lake likafagia tope lote la chini ya mlango. Akajitazama, kisha akaitazama pikapu ya mwanyumba, kisha akasema mbele ya watu kwamba gari la yule limevaa, hili langu liko uchi. Mke wangu akacheka. Mke wangu wa ndoa!

Ningenyamaza, maana mimi si mtu wa kijicho. Lakini Jumamosi mama mkwe anahamia nyumba mpya, na ametangaza kwamba mkwe atakayemhamisha bila kumchafulia kitu ndiye atakayembebea vitambaa vya duka lake kila Jumatatu. Kazi ya kudumu! Mimi tangu mwaka uanze nabeba mchanga wa watu, leo upo kesho haupo. Na kazi hiyo ni yangu kwa haki. Nani kaoa mkubwa? Mimi. Nani kaoa mdogo? Yeye. Basi.

Isitoshe, rangi. Yangu nyeupe, imepigwa upya mwaka jana, haina hata mkwaruzo. Yake ya kijivu, ya tangu kiwandani, imechoka. Hapo tu ndipo ninapomshinda, lakini ninamshinda sana. Nikiongeza mipira, kwisha habari yake.

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua mipira. Mirefu kuliko yake! Yake inaishia mahali pa adabu, yangu inakaribia kulamba barabara. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mchana nikaenda kwa mwanyumba, eti kumjulia hali. Nia yangu kuiba siri: kaifungaje bila kuchubua rangi? Sikuiba chochote. Alinipa yote mwenyewe, tena anatabasamu, tena kanichorea kwenye karatasi. Kwanza osha madigadi, yale mabati yanayofunika tairi, ndani na nje, ukaushe, kwa sababu chembe ya mchanga ikibaki chini ya mpira itasugua rangi kama msasa. Kisha bandika plastiki ya kunata pale mpira utakapogusa rangi. Usitoboe, tumia matundu ya skrubu yaliyokuja na gari. Kaza kwa bisibisi ya mkono, taratibu. Mwisho zungusha usukani mpaka ukome, kulia na kushoto, uone kama tairi haligusi mpira. Na mipira ikiwa mirefu, ipunguze. Akanipa hata plastiki iliyombakia.

Nikashukuru, nikaondoka nikiwaza. Mtu gani mwenye akili zake anampa mshindani siri yote bure? Na plastiki juu yake? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeikodolea macho karatasi ile hadi chai ikapoa. Sasa nimeelewa. Ni mtego. Kila alichoandika, nitafanya kinyume chake.

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga! Peke yangu, bila fundi.

Sikuosha. Tope kavu litakuwa mto laini kati ya mpira na rangi. Hilo hata mtoto analijua. Plastiki nimemfunikia mke wangu bakuli la sukari. Matundu ya zamani sikuyagusa, nimetoboa yangu mapya kwa drili niliyoazima kwa seremala. Drili iliteleza mara moja. Haya, mara tatu. Lakini mikwaruzo yote imejificha nyuma ya mpira, na kisichoonekana hakipo.

Mke wangu akatoka, akauliza kama shemeji yake ndivyo alivyosema. Nikamjibu asiingilie mambo ya magari. Akasema yeye haingilii, anauliza tu kwa nini natoboa gari zima. Nikakaza skrubu kwa nguvu zote nilizojaliwa, mpaka mipira ikajikunja. Usukani sikuuzungusha. Gari lilikuwa karibu na ukuta, na mimi nilikuwa na njaa.

Jumatano, 6 Machi

Siku njema. Nimezunguka mtaa mara nne bila safari. Seremala ametoka kibandani kwake kuangalia. Amesema hajawahi kuona mipira mirefu namna hiyo. Nikamshukuru. Akasema hakuwa anasifu. Wivu umeenea mtaani kama mafua.

Nikakutana na mwanyumba njia panda. Kainama, kachungulia. Akauliza kama niliosha kwanza. Nikasema bila shaka. Akauliza kama nilitumia matundu ya zamani. Nikasema yapi mengine? Akasema anasikia kitu kinakwaruza ninapokata kona. Nikamwambia ndivyo vitu vipya vinavyolia. Masikini! Kijicho kimemjaa mpaka kinamtoka masikioni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua mpira mmoja ili niuone tu, roho ifurahi. Haikufurahi.

Rangi imeliwa! Alama nzima ya mpira, umbo la mwezi mchanga, imechimbwa hadi bati. Mchanga wa lile tope nililoliita mto umesugua siku mbili bila kupumzika. Na kuzunguka matundu yangu kutu imeshaanza, nyekundu, inanitazama.

Kwa hiyo mwanyumba alisema kweli. Nikakaa kwenye ndoo nikalitafakari hilo. Nilikaribia kabisa kujilaumu. Ndipo nikaona hila ilivyo na kina: alisema kweli makusudi, akijua sitamwamini! Binadamu wabaya jamani.

Fundi wa rangi kasema nisubiri hadi wiki ijayo, ana foleni. Jumamosi haisubiri. Nikanunua kopo, nyeupe. Nyeupe si nyeupe? Kumbe sivyo. Gari lina nyeupe ya maziwa, kopo lina nyeupe ya meno ya mvuta sigara. Ili pande zifanane nikapaka na upande wa pili. Kisha mlango, usijione mpweke. Mpira nikaurudisha pale pale. Mke wangu kauliza gari limeugua nini.

Ijumaa, 8 Machi

Rangi haijakauka. Kuku wa jirani amepita juu yake. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 9 Machi

Tulifika sote asubuhi. Mama mkwe kasema mume wa mkubwa atatangulia. Haki hiyo! Akapanda mbele kwangu, na nguo zake za kutokea. Nyuma tukapakia magodoro na viti. Mwanyumba akapewa masufuria. Masufuria! Niliona huruma kidogo, kisha nikaacha.

Njia nzima mlango safi. Mipira inafanya kazi! Mama mkwe hata akasema leo hajaona tope. Nilikuwa tayari nimeshaiona Jumatatu, na Jumatatu baada ya hiyo, na Jumatatu zote mpaka wajukuu.

Tukafika lango la nyumba mpya. Kona kali, uchochoro mwembamba. Kwa mara ya kwanza tangu nifunge ile mipira nikazungusha usukani hadi ukakoma. Tairi la mbele likaung'ata mpira. Kraa! Gari likagoma. Nikasema moyoni nirudi nyuma kidogo. Nikarudi. Mpira wa nyuma, kwa ule urefu wake niliojivunia, ukaingia chini ya tairi lake, ukang'oka na kipande cha madigadi, pale pale kwenye matundu yangu. Bati lilichanika kama karatasi.

Mama mkwe akashuka aone kulikoni. Akaenda kusimama nyuma, anionyeshe njia kwa mkono. Mama wa watu ana moyo mwema. Mimi nikakanyaga mafuta kwenda mbele. Tairi la nyuma, lisilo na kitu cha kulizuia sasa, likazunguka papo hapo likatapika tope lote la uchochoro. Kuanzia kilemba hadi viatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipangusa jicho moja, akasema asante, mume wa binti yangu, akatembea hadi kwenye pikapu ya kijivu, akapanda juu ya masufuria.

Mwanyumba akaja na kitambaa na bisibisi. Akafungua mipira iliyobaki, akanitoa kwenye kona kwa kuelekeza usukani sentimita kwa sentimita. Nilikuwa nasubiri acheke, nimchukie kwa raha. Hakucheka! Alisema tu pole, mwanyumba, bati hili linaunganishika.

Nitaandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nina wivu. Si wa mipira. Yeye mama mkwe humwita mwanangu, linamtoka tu bila kufikiri. Mimi miaka kumi na mmoja ni mume wa binti yangu. Nimeandika, basi. Nikalale.

Jumapili, 10 Machi

Ajabu. Mwanyumba kaenda kwa mama mkwe peke yake asubuhi, kaongea naye. Mke wangu kanisimulia yote. Eti kamwambia kazi ya vitambaa tugawane mimi naye: Jumatatu moja mimi, moja yeye, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na si vizuri mkubwa kupitwa. Mama mkwe kakataa. Kaombwa tena. Kakubali kwa shingo upande: Jumatatu hii naanza mimi, nikichafua hata uzi mmoja, nirudi kwenye mchanga wangu.

Mke wangu kasema nimshukuru mwanyumba. Nimemshukuru. Kasema nimshukuru vizuri. Nikarudi nikamshukuru vizuri. Huyu mtu ana moyo safi, nakiri. Tulikunywa chai pamoja, nikacheka hata mzaha wake mmoja. Nilijisikia mwepesi, mtu mpya, sina kinyongo na yeyote.

Wakati wa kuaga akanishika bega. Akanishauri kesho nisisahau turubai, nifunike vitambaa vizuri na kamba nifunge pande zote, kwa sababu mvua ya asubuhi wakati huu haibishi hodi.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi na mapema. Nimeshapakia. Majora ishirini ya kitambaa cheupe, cha sare za shule, yamepangwa kwa ustadi nyuma. Mama mkwe amesimama mlangoni mwa ghala, mikono kifuani, anatazama. Mke wangu kanitazama mara mbili. Wanaomba mema, najua.

Turubai nimeliacha nyumbani, limekunjwa, kwenye kabati.

Nimelifikiria sana. Mtu anagawa kazi yake, anagawa na ushauri? Anataka nipoteze saa nzima nikifunga kamba, nichelewe dukani siku ya kwanza, kazi yote irudi kwake. Safari hii hanipati! Upande wa milimani kumekuwa kweusi kidogo, na kuna upepo wa baridi. Haitanyesha. Kama yeye angesema haitanyesha, hapo ndipo ningebeba maturubai mawili.